Ugali Hauna Kesi ya Kujibu

Siku hizi ukikaa meza moja na watu watano jijini Dar es Salaam, chakula kikiletwa hakosekani mmoja wa kuusogeza ugali pembeni kwa ncha za vidole. "Mimi wanga nimeacha," anatangaza. "Niko kwenye protini." Halafu, mbavu zake za ng'ombe zikiwa bado jikoni, anachota kiganja cha karanga za kukaanga, kisha cha pili, kisha anavuta kibakuli chote upande wake. Mbavu zikifika zinang'aa mafuta. Anazimaliza, analamba kidole gumba, na wenzake waliokula ugali wanaona haya kana kwamba wamekutwa na kitu cha wizi.

Nimekaa meza hiyo mara nyingi. Kwa muda fulani, msogeza ugali nilikuwa mimi.

Ilianzia jimu. Kocha, kijana mwenye mabega kama kabati la nguo, alinibana nyama za kiunoni kwa vidole viwili, vile mnunuzi anavyompima mbuzi mnadani, akasema, "Mzee wangu, huu wote ni ugali." Nilikuwa na miaka arobaini na sita na sikuwa na hoja. Nikaacha ugali jioni ile ile. Nikawa mtu wa kuku wa kukaanga, mayai ya kukaanga, karanga, kitimoto ya Jumamosi, na unga wa kopo niliouziwa palepale kaunta kwa laki mbili na ushee. Wiki ya pili mizani ikashuka kilo tatu. Nikaitangaza habari hiyo kwa kila mwenye masikio. Mwezi wa nne kilo zote tatu zilikuwa zimerudi, na moja zaidi ya kuzisindikiza.

Kilo zile tatu sasa najua zilikuwa nini. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia gramu tatu hivi za maji. Ukikata wanga ghafla, akiba inatumika, maji yanatoka kwa njia yake ya kawaida, nawe unapanda mizani ukidhani umechoma mafuta. Umekojoa tu.

Imani niliyoishika miezi ile ndiyo imani ya mjini sasa: kwamba ugali unanenepesha, kwamba nyama, mayai na karanga ni "protini", na protini hailiwi kwa kuhesabu, na kwamba anayetaka kushiba protini huku akichunga kalori lazima awe na pesa ya kidari cha kuku, yogati nzito ya supamaketi na kopo lenye picha ya mtu asiye na shati. Nasema imani hii imekosea toka mwanzo, na kosa lake ni moja: tumevipa vyakula majina ya ukoo. Ugali tukauita wanga, karanga tukaziita protini, basi. Hakuna aliyeuliza tena ndani yake mna nini na kwa kiasi gani.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mwishoni mwa karne ya 19 mkemia wa Marekani, Wilbur Atwater, alipima nishati iliyomo kwenye vyakula, na makadirio yake ndiyo yanayotumika mpaka leo: gramu ya wanga hutoa kalori 4, gramu ya protini 4, gramu ya mafuta 9. Pombe ni 7. (Wasomi watasema ni kilokalori, mtaani ni kalori, na mimi naandikia mtaa.) Soma tena namba hizo taratibu. Wanga na protini ni sawa kwa sawa. Kinachozidi mara mbili na zaidi ni mafuta, nayo ndiyo hayana wa kuyasogeza pembeni, kwa sababu hayaletwi mezani kwenye sahani yake. Yanakuja yamevaa nguo za nyama, za karanga, za maharage.

Kwa hiyo anayechunga kalori hana haja ya kuuliza kama kitu fulani ni protini au ni wanga. Aulize hivi: nikila kalori 100 za chakula hiki, napata gramu ngapi za protini? Lipeleke swali hilo mezani uone watu wanavyohama viti.

Karanga, gramu 100, zina protini gramu 26. Namba hiyo ndiyo inayobandikwa kwenye mabango ya jimu. Isiyobandikwa ni kwamba gramu hizo hizo 100 zina kalori 567 hivi, maana karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Kwa kalori 100 umepata protini gramu nne na nusu tu. Korosho ziko chini zaidi, gramu tatu na kidogo. Aliyewahi kuona karanga zikikamuliwa hahitaji jedwali. Anajua kinachotiririka pale. Hata senene, fahari ya Bukoba, ambao kila anayeandika habari za wadudu wa kuliwa huwasifu kwa protini: wanayo, tena nyingi, ila mafuta yanaweza kukaribia nusu ya uzito wao mkavu. Nawapenda senene. Nawala mmoja mmoja, kama mtu anayelipa deni kwa mafungu.

Sasa sogea upande wa pili wa meza. Sato aliyechomwa bila kuogeshwa mafuta anatoa protini gramu 20 kwa kalori 100. Kidari cha kuku kisicho na ngozi, 19. Firigisi, ambazo watu wanazila kama kitafunwa cha kupotezea muda, nazo 19. Pweza wa kuchemsha, yule wa kibanda cha supu jioni, 18. Dagaa wakavu wa sado wako kwenye 16 au 17. Yai zima ni 8 tu, kwa sababu ya mafuta ya kiini. Na mbavu za ng'ombe zenye mafuta? Sita au saba, yaani sawa na maharage ya kuchemsha. Yule bwana wa mbavu na mwanafunzi wa bweni mwenye sahani ya maharage wamefungana, na mwanafunzi ana nyuzinyuzi ambazo mbavu hazina.

Mbuzi nimtendee haki. Nyama yake haina mafuta mengi. Ikichomwa inatoa gramu 19 kwa kalori 100, inalingana na kidari. Anayekula mbuzi choma akapungua sina ugomvi naye, na wengi wangepungua kama si zile chupa nne na chipsi za kusindikizia. Na kipimo changu nacho kina ukorofi wake: mchicha unapata 10 au 11, unazipita mbavu kwa mbali, lakini kalori 100 za mchicha ni zaidi ya gramu 400 za majani, na sijamwona mtu anayemaliza beseni la mchicha kwa hiari yake.

Tumlete mshtakiwa. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori 360 hivi na protini gramu 7 hadi 8. Dona inazidi sembe kidogo. Mtu aliyeshinda na jembe akala ugali wa gramu 200 za unga amepata kama gramu 15 za protini kabla hajagusa mboga, zaidi ya mayai mawili. Ni protini yenye upungufu wake, nitaufikia, lakini ipo. Ndani ya sufuria hamna kingine ila unga na maji. Hamna mafuta, hamna sukari, na kwetu hata chumvi hatutii. Ukisongwa, unga unabeba maji kuupita uzito wake, ndiyo maana unajaza tumbo kwa kalori ambazo chapati ingezimaliza kabla hujaketi vizuri. Chapati moja ya kusukuma, ile iliyokunjwa na mafuta na kuchomwa kwa mafuta, inaweza kufika kalori 250 hadi 300. Nina marafiki walioacha ugali, asubuhi wanakula "chapati mbili tu", na hakuna kocha anayewabana kiunoni kwa ajili ya chapati.

Je, ugali hauzidishwi? Unazidishwa. Nimeona mlima wa ugali na mboga iliyotosha kupaka tu. Lakini hapo pana uwiano ulioharibika, na uwiano unatengenezwa kwa kupunguza huku na kuongeza kule. Kumfukuza mmoja nyumbani hakutengenezi chochote, kwa sababu nafasi yake haikai wazi. Kwangu aliingia kuku wa kukaanga.

Wanaobisha huniambia: mbona watu wanakata wanga na wanapungua? Wanapungua, ndiyo, kwa kuwa aliyeondoa ugali ameondoa kalori, kama ambavyo angepungua kwa kuondoa kitu kingine chochote chenye ukubwa ule. Mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti wa watu 609 waliogawanywa bila upendeleo, kundi moja likipunguza wanga, jingine likipunguza mafuta, kwa miezi 12. Wa wanga walipungua wastani wa kilo 6, wa mafuta kilo 5.3, na tofauti hiyo kitakwimu haikuwa na uzito. Makundi yote mawili yalikuwa yameambiwa wale mboga kwa wingi, waachane na sukari ya kuongeza na unga uliokobolewa, na wapike nyumbani kadiri wawezavyo. Unga uliokobolewa, nimelisikia hilo. Basi sembe ina swali dogo la kujibu. Dona haina.

Aliyenifungua macho hakuwa mtafiti. Ilikuwa mizani ndogo ya jikoni, ile ya betri, niliyoinunua kwa hasira baada ya kilo zangu kurudi. Jumapili moja mke wangu alikuwa anaunga maharage, nusu kilo, chakula chetu watu wanne. Nikaomba ruhusa ya kuweka dumu la mafuta juu ya mizani kabla hajamimina. Alinitazama vile mtu anavyomtazama fundi aliyekuja kutengeneza bomba akaanza kukagua paa. Akamimina kama alivyozoea, kwa jicho, mpaka vitunguu vikaelea. Nikarudisha dumu kwenye mizani. Zilikuwa zimeondoka gramu 172.

Nikakaa na kalamu. Nusu kilo ya maharage makavu ina kalori 1,700 hivi. Gramu 172 za mafuta zina kalori 1,500 na ushee. Tulikuwa tumepika vyungu viwili ndani ya chungu kimoja, cha pili hakionekani. Ukigawa kwa wanne, kila mmoja wetu alikuwa anakula mafuta yenye kalori nyingi kuliko gramu 100 za unga wa ugali, ndani ya chakula ambacho sote tulikiita cha afya. Na ile protini ya maharage, gramu sita na nusu kwa kalori 100 yakiwa ya kuchemsha, ilikuwa imeanguka chini ya nne. Chini ya karanga! Maharage hayakuwa na kosa. Ugali uliolala pembeni yake, huo ndio kabisa haukuwahi kuwepo eneo la tukio.

Tangu siku ile naona mafuta kila mahali, kama mtu aliyejifunza neno jipya. Sato mwenye gramu zake 20, kipande cha ukubwa wa kiganja, anatumbukizwa kwenye karai anatoka amekakamaa na amekunywa. Mchicha unaungwa mpaka unaacha dimbwi la njano kwenye sahani. Zege, chipsi mayai, watu wanaila wakisema "angalau ina mayai". Pwani tunaongeza tui: mbaazi, chakula chema kama kipo, zinapikwa kwa tui zito ambalo mililita 100 zake zina kalori zaidi ya 200 na protini gramu mbili tu. Sisemi tui liachwe, mimi ni mtu wa Tanga na ningependa kuzikwa Tanga. Nasema lihesabiwe kama tunavyouhesabu ugali.

Kwa mama lishe ninayekula mchana nilijaribu kuleta mageuzi. "Mama, shikamoo. Leo naomba maharage uliyochota kabla ya kuunga."

"Marahaba. Kabla ya kuunga?" Akaweka mwiko chini. "Baba, unaumwa?"

"Siumwi. Napunguza mafuta."

"Maharage hayajaungwa ni ya mgonjwa hayo. Watu watasema kwangu chakula hakinogi." Akanipa ya kawaida, akaniongezea na kijiko cha mchuzi wa juu, sehemu yenye mafuta, kwa huruma.

Hapo ndipo imani ninayoibishia ilipojificha. Mafuta kwetu ni ukarimu. Chakula chenye mafuta ni chakula cha mtu aliyeheshimiwa, na kikavu ni cha shida. Mimi nimekulia nyumba ambayo chupa ya mafuta ilipimwa kwa kizibo, na najua kwa nini mtu aliyetoka huko akipata dumu la lita tano anamimina bila kuangalia. Ila tuseme hivyo waziwazi basi, badala ya kumtwisha lawama ugali ambao ulikuwepo tangu tulipokuwa wembamba.

Turudi kwenye kopo la laki mbili na ushee. Sitalisingizia. Ndani yake ni protini ya yale maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kutengenezea jibini, imechujwa ikakaushwa. Kijiko chake kikubwa kinatoa protini gramu 25 kwa kalori 120 hivi, yaani 20 na ushee kwa 100. Ni hesabu nzuri. Ni hesabu ya sato. Unachomlipa muuza kopo ni usafiri, picha ya kifua, na kutokuwa na miba.

Na kiasi? Kocha alinitaka nile gramu mbili na nusu kwa kila kilo ya mwili. Kwa kilo zangu 78 ni gramu 195 kwa siku, ambazo bila kopo ni shida kuzifikia, na nadhani hapo ndipo palipokuwa na hoja yenyewe. Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo, katika ripoti yao ya 2007, waliweka gramu 0.83 kwa kilo kuwa kiwango cha kumtosha mtu mzima mwenye afya. Kwangu hiyo ni gramu 65. Anayebeba vyuma anahitaji zaidi. Mapitio ya tafiti 49 yaliyotoka mwaka 2018 yalikuta kwamba kupita gramu 1.6 kwa kilo misuli haionyeshi tena faida ya maana. Kwangu ni 125, tena hiyo ni dari. Inayozidi hapo mwili unaichoma kama kuni nyingine au unaihifadhi, na naitrojeni yake inatoka msalani. Nilikuwa nakojoa laki mbili na ushee.

Sibishani na protini yenyewe. Inashibisha kuliko wanga na mafuta, hilo anayelala njaa ya dayati analijua. Kuimeng'enya kunagharimu: kati ya asilimia 20 na 30 ya kalori zake huishia kwenye kazi hiyo hiyo, wakati mafuta hayagharimu hata asilimia 5. Na mtu anayepunguza chakula bila protini ya kutosha anapoteza misuli pamoja na mafuta, akipungua anabaki mlegevu. Kwa mtu wa miaka arobaini kwenda juu hilo si jambo la urembo. Ugomvi wangu ni na wale walioifanya protini kuwa bidhaa, wakatuambia haimo katika chakula tunachokijua.

Si mara ya kwanza kuambiwa hivyo. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, akiwa Gold Coast, Ghana ya leo, aliandika habari za watoto waliovimba miguu na kubabuka ngozi, ugonjwa ambao Waga wa huko waliuita kwashiorkor, unaompata mtoto anapoachishwa ziwa kwa ajili ya mdogo wake. Sisi tukauita unyafuzi. Huku kwetu kazi kubwa juu yake ilifanyika Mulago, Kampala, alikokuwa Hugh Trowell. Wataalamu wakaamua tatizo ni protini, na miaka iliyofuata Umoja wa Mataifa ukalichukua kwa uzito mkubwa: 1955 ikaundwa kamati ya ushauri wa protini, na 1968 ikatoka ripoti ya kuonya juu ya janga la protini linalokaribia. Fedha zikaenda kwenye unga wa samaki na michanganyiko ya maabara. Mwaka 1974 Donald McLaren akaandika katika jarida la Lancet makala ambayo kichwa chake tu kiliita jambo zima kuwa ni fedheha kubwa. Watoto wengi wale walikuwa hawapati chakula cha kutosha, kwa ujumla. Uji mwepesi, mara mbili kwa siku, na magonjwa ya kuharisha juu yake. Pengo la protini lilizibika kwenye karatasi mara viwango vya mahitaji viliposhushwa.

Nakumbushia kwa sababu mwenendo ni ule ule umegeuzwa nguo. Wakati ule waliokosa chakula waliambiwa wanakosa protini. Leo waliokula kupita kiasi wanaambiwa hivyo hivyo. Na mara zote mbili jibu linatoka kiwandani huku dagaa wakiwa wameanikwa Mwaloni Kirumba.

Dagaa, basi. Hapa ndipo ningependa yule bwana wa mbavu anisikilize. Mezani anawadharau: ni chakula cha bweni, cha mwisho wa mwezi. Mimi huchukua gramu 40 za dagaa wakavu wa Mwanza, kiganja kilichojaa. Wakienda kwenye maji ya uvuguvugu wanafunguka, na chini ya bakuli linabaki tabaka jembamba la mchanga kama walianikwa chini badala ya kwenye vichanja. Nawaosha mara tatu, mpaka kidole kikipita chini hakikwaruzi. Kisha nawakausha kwenye kikaango kikavu, bila tone la mafuta, mpaka waanze kulia na harufu ibadilike kutoka ya ziwa kuwa ya kitu kilichookwa. Hapo ndipo nyanya, kitunguu, pilipili na limao. Kijiko kimoja cha mafuta, kalori 120, nakimimina mwisho na nakijua. Gramu zile 40 zimebeba protini gramu 22 hivi kwa kalori 130 na kitu, na miba yao imeliwa pamoja nao, ambayo ni kalisi. Kuna wanaolalamikia uchungu. Wa Kigoma watoe vichwa, dagaa mchele wa pwani hawana shida hiyo.

Siku yangu ya kawaida haina ajabu. Mayai mawili ya kuchemsha na chai ya maziwa. Mchana sato wa kuchoma, ugali wa gramu 100 za unga, mchicha. Jioni dagaa hao, maharage kikombe, ugali mdogo kuliko wa mchana. Nikijumlisha na vijiko viwili vya mafuta vya siku nzima nakuta kalori 1,800 hivi na protini inayozidi gramu 110. Ugali upo mara mbili, na umeniachia kilo saba zimeondoka kwa mwaka na nusu, polepole, bila kumtangazia mtu. Nyumbani nahesabu kwa kutumia jedwali la viambato vya vyakula vya Tanzania lililotolewa mwaka 2008, ambalo lina kisamvu, lina mlenda, lina vyakula vyetu kwa majina yetu. Programu ya simu niliyokuwa natumia zamani iliniuliza kama kisamvu ni aina ya pasta.

Nilisema protini ya mahindi ina upungufu. Ina kidogo laisini na triptofani. Maharage yana laisini tele, yakapungukiwa methionini ambayo mahindi yanayo. Kwa hiyo vinakamilishana, na mwaka 1971 Mmarekani Frances Moore Lappé aliandika kitabu kuhusu jambo hilo akisisitiza kuvipanga kwa uangalifu katika mlo. Miaka kumi baadaye alikiri kwamba alizidisha, kwamba mtu anayekula vyakula mbalimbali kwa siku hana haja ya kupiga hesabu ya kila sahani. Wapare wana makande, Wakikuyu wana githeri, na jimu bado zinafundisha kwamba protini ya mimea "haihesabiki". Inahesabika. Mahindi kwa maharage, kunde, choroko, mbaazi, yote. Ila mjue tu kwamba kwa kalori 100 haishindani na samaki, hivyo anayekula mimea pekee na anachunga kalori lazima mafuta ayashike kwa mkono wa chuma.

Mwenye ugonjwa wa figo asinisikilize mimi, amsikilize daktari wake, kwa sababu kwake hata protini ya kiasi changu inaweza kuwa nyingi. Mjamzito na mtoto anayekua si watu wa kuchunga kalori kwa makala ya gazeti. Wengine wote tunaosogeza ugali huku tukichovya kidole kwenye mafuta ya mbavu, nadhani tumepata muda wa kutosha wa kujitetea.

Kocha nilikutana naye mwezi uliopita dukani. Alinisalimia kwa heshima, akanitazama kiunoni kwa jicho la kazi. "Mzee wangu umekatika. Umeacha ugali kweli?" Nikamwambia nimeacha kopo. Alicheka akidhani ni utani, na foleni ikasogea.

Mama lishe ndiye nimempata nusu. Siku hizi huchota kibakuli kimoja cha maharage kabla ya kuunga, akakifunika na sahani pembeni ya jiko. Nikitokea tu kwenye kona anapaza sauti kwa msichana wake, watu wote wa benchi wasikie: "Mletee baba yako, ya mgonjwa yapo!" Bei hajapunguza.